Herufi Moja ya Kigiriki, na Jina Langu Ukurasa wa Mwisho

Nyumba ya Rotacker,
Bonde la Mtakatifu Albano,
Basel.

9 Mei, 1541

Mpendwa kaka yangu Jodok,

Pokea salamu za dada yako, na zikukute umeketi karibu na moto, maana nasikia huko Riga barafu haina habari kwamba Mei imeingia. Kifua chako kinaendeleaje? Mwaka jana uliandika kwamba kikohozi kinakukatiza darasani hadi wanafunzi wanakumalizia sentensi. Je, wifi yangu Gertrud amekwisha pona mguu? Na wale mapacha, bado hawajaota meno ya mbele? Nataka majibu ya haya yote, usiruke hata moja.

Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua kwenye ngazi, lakini mdomo wake haujapungukiwa na nguvu. Mto ulipanda mwezi wa tatu ukaingia hadi chumba cha karatasi, tukahamisha marobota yote juu kwa mikono. Mimi ni mzima kabisa. Nasema hivyo mapema kwa sababu barua yako imeandikwa kama vile unamwandikia mgonjwa.

Ilifika Jumanne iliyopita na wafanyabiashara wa manyoya. Niliisoma peke yangu, nikaisoma tena, kisha nikamsomea Mama. Unasema umesikia kwa muuza vitabu aliyetoka maonyesho ya Frankfurt kwamba nyumba ya baba yetu imemwaibisha daktari msomi mbele ya watu, na kwamba binti wa Gallus Rotacker ametia jina lake kitabuni kama mwanamume. Unanitaka nimwandikie Daktari Rümlin kumwomba radhi, na nikate ule ukurasa wa mwisho katika nakala zote ambazo hazijauzwa.

Jibu lako nakupa hapa hapa juu ili usihangaike kulitafuta chini. Sitamwandikia, na sitakata. Sasa tulia nikueleze, maana huyo aliyekusimulia hakuwepo, na mimi nilikuwepo.

Wewe ulipoondoka nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kiti chako pale kwenye meza ya kusahihishia kilikaa kitupu majuma mawili, kisha Baba akaniita, akaniambia, "Kaa hapo, nisomee." Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Nilimsomea Kilatini mpaka nikakielewa, halafu Kigiriki mpaka nikaanza kumsahihisha yeye. Miaka kumi na sita, Jodok. Hakuna karatasi iliyotoka katika mtambo wetu ambayo sikuipitia kwa kidole. Unapowaonyesha wanafunzi wako vile vitabu vyetu vidogo vinavyoingia kwenye mkono wa joho, ujue unawaonyesha macho yangu.

Unazikumbuka herufi zetu za Kigiriki. Baba alizichongesha upya ili kila moja isimame peke yake, badala ya zile za wengine zilizofungana mafundo kama uzi uliochezewa na paka. Wakubwa wengi walimcheka. Walisema herufi gani hizi, hata mtoto atazisoma. Yeye akajibu kwamba hiyo ndiyo sababu.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kitabu cha dawa cha Wagiriki wa kale, Kigiriki upande mmoja na Kilatini upande wa pili. Alifariki nusu ya kitabu haijapangwa herufi. Msomi wa kusimamia maandishi alikuwa Daktari Sebald Rümlin, rafiki yake wa siku nyingi. Yeye ndiye aliyeleta mswada, yeye ndiye aliyeandika utangulizi, na jina lake ndilo lililokuwa likae ukurasa wa mbele. Nilimheshimu. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Katika sura ya dawa za kutapisha tulifika kwenye ule mzizi mweupe wa milimani, ambao huku tunauita mzizi wa chafya. Mswada wa Daktari ulisema mgonjwa apewe vipimo vinne. Wagiriki huandika hesabu kwa herufi, si lazima nikufundishe wewe. Ya kwanza ni moja, ya nne ni nne. Zikiwa kubwa zote mbili ni pembetatu. Ile ya kwanza ina mstari tumboni, ile ya nne ina mstari miguuni. Mwandishi akishusha mkono kidogo tu, moja inakuwa nne.

Nilisita. Nikaenda kabatini kuchukua ule mswada mwingine, wa kale, uliojaa moshi, ambao Baba aliupata nyumba ya watawa ilipofungwa. Nikaitafuta sura ile. Pale hapakuwa na herufi ya hesabu hata kidogo. Mwandishi wa kale alikuwa ameandika neno zima, moja, kama vile alijua kwamba siku moja mtu atakosea.

Nikachukua miswada yote miwili kwapani nikaenda kwa Daktari. Alikuwa anakula samaki.

"Daktari, kitabu cha kale kinasema moja. Neno zima."

"Kitabu cha kale kiliandikwa na mtawa mwenye usingizi," akasema, hata hakukitazama.

"Na chako?"

"Changu kilinakiliwa Venisi kwa ajili ya askofu."

"Basi tumwombee askofu asiumwe tumbo."

Hakucheka. Alijifuta vidole polepole, kimoja kimoja, akaniambia, "Binti, baba yako alikufundisha Kigiriki kama watu wanavyomfundisha dubu kucheza. Dubu tunampigia makofi. Lakini hatumwulizi maoni yake kuhusu ngoma."

"Ni sawa, Daktari. Ila huyu dubu ndiye mwenye mtambo."

Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia. Usidhani nilikuwa jasiri.

Nikamwagiza Mzee Lienhart apange ile herufi ya kwanza. Lienhart unamfahamu, ndiye aliyekubeba mabegani kwenye sikukuu ya mavuno, na bado ndiye mpanga herufi mkuu wetu. Alikubali kwa kichwa. Kesho yake nilikwenda kwenye kinu kuchagua karatasi, na nilipokuwa huko Daktari akaja dukani. Akamwambia Lienhart kwamba tumekwisha elewana, mimi na yeye, na kwamba itabaki nne. Lienhart akamwamini. Ni daktari, ana joho, alikuwa rafiki wa marehemu. Nani asingemwamini?

Niliporudi mchana nilikuta karatasi mia tatu zinaning'inia kwenye kamba, zinakauka. Niliinua macho kwenye ya kwanza nikaona mstari uko miguuni.

Nikaanza kuzishusha. Nilizivuta mbili mbili, tatu tatu, wino mbichi ukanipaka mpaka kwenye viwiko. Wafanyakazi wakaacha kazi wakanitazama. Ruprecht, yule anayevuta mtambo, mtu mkubwa kama mlango, akaniuliza, "Bibi, umeingiwa na nini? Tumeivunjia mgongo kazi hii tangu asubuhi!"

"Zina kosa."

"Kosa gani? Zote?"

"Herufi moja."

"Herufi moja!" Akawageukia wenzake. "Mnasikia? Herufi moja! Mimi nikimwambia mke wangu sina mgongo kwa ajili ya herufi moja atanicheka mpaka apaliwe."

"Mwambie mke wako kwamba mtu akiisoma herufi hiyo akaifuata, hafiki jioni."

Lienhart alikuwa amekaa juu ya kasha lake la herufi, uso umemwiva. Alisema kwa sauti ndogo, "Aliniambia mmekwisha elewana, mwanangu." Nikamwambia kosa si lake. Nikavua pete niliyoachiwa na mama mkubwa, nikakunja mikono ya gauni, nikaishika nyenzo ya mtambo mimi mwenyewe. Nilivuta karatasi ishirini na mbili. Ya ishirini na tatu Ruprecht alinisogeza kando kwa bega, akasema, "Toka hapo, bibi, utatuharibia mtambo," na wakaanza upya wote. Mpaka leo mkono wangu wa kulia hauinuki juu ya kichwa.

Unakumbuka desturi ya Baba ya kutundika karatasi mpya mlangoni, na kila mpita njia atakayeona kosa apewe kikombe cha divai? Sikuiacha. Siku ya pili nikatundika ukurasa ule, na pembeni yake nikaandika kwa Kijerumani ili kila mtu aelewe: mswada mmoja unasema kipimo kimoja, mwingine unasema vinne, wewe unasemaje?

Ndipo akapita Gred wa mizizi, yule mama anayeuzia watu dawa karibu na daraja. Kusoma anajua kidogo tu. Akasimama, akasoma kwa kufuata na kidole, akacheka kicheko ambacho kilisikika ng'ambo ya mto.

"Vinne? Vinne vya mzizi wa chafya? Huyo anamtibu mtu au ng'ombe?"

Watu wakajaa. Wanafunzi wakaanza kutaniana, mmoja akalia kama ng'ombe, wote wakafuata. Kwa bahati mbaya Daktari Rümlin alikuwa anakuja na watu wawili kutoka kanisani. Jina lake sikuliandika mlangoni, naapa. Lakini wanafunzi walilijua, na walipomwona wakalia kwa nguvu zaidi. Alipita katikati yao ameinua kidevu. Nilimwonea huruma, Jodok. Kidogo.

Kesho yake nikaitwa mbele ya wazee wa chama cha mafundi. Hiyo ndiyo aibu uliyosimuliwa.

Walikuwa wazee watatu kwenye meza ndefu. Daktari alisema vizuri sana, kwa ufasaha, bila hasira. Alisema watu wa kale walikuwa na miili yenye nguvu kuliko yetu, kwa hiyo vipimo vinne havikuwa kitu kwao. Alisema msomi ndiye anayejua maneno, na mchapaji ndiye anayejua wino, na mambo yakichanganyika kila mwosha karatasi atakuwa mwalimu. Alisema mimi ni mwanamke asiye na mume anayetumia jina la marehemu kama fimbo.

Nikawauliza wazee kama naruhusiwa kuleta shahidi. Gred akaingia na mizani yake na kifuko cha unga wa ule mzizi. Akapima vipimo vinne mbele yao, akavikoroga kwenye kikombe cha divai, akakiweka mezani.

Nikasema, "Daktari, mwili wako ni mkubwa na una afya. Kama ni vinne, hivi hapa. Kunywa."

Nilijua angekataa. Hesabu yangu yote ilikuwa hapo, kwamba angebabaika, wazee wangemtazama, na mambo yangekwisha. Kumbe sikumjua. Alinyoosha mkono akakitwaa kikombe kama mtu anayepokea maji ya kunywa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu huyu hakuwa anasema uongo. Aliamini. Aliiamini karatasi yake nzuri ya Venisi kuliko tumbo lake mwenyewe, na alikuwa tayari kufa nayo.

Kikombe kilikuwa kimegusa mdomo. Niliruka nikakipiga kwa kofi. Kiligonga ukuta, divai ikamwagika kwenye joho lake na kwenye karatasi za wazee.

"Kwa nini umemzuia?" akauliza mzee wa katikati. "Si wewe uliyemwambia anywe?"

"Kwa sababu nataka kumshinda," nikasema. "Sitaki kumzika."

"Ameogopa!" akasema Daktari. "Anajua ningepona."

Gred alikuwa amekwisha anza kukusanya mizani yake. "Mkimwekea kingine mimi natoka," akasema. "Nimeuza mzizi huu miaka thelathini. Sitaki mtu aje kuniuliza nilikuwa wapi siku ya mazishi."

Wazee walinong'onezana muda mrefu. Hawakutaka kusema nani ana haki kuhusu Kigiriki, na siwalaumu, hawakijui. Wakaamua kwamba Daktari ataondoa utangulizi wake na jina lake, na mimi niko huru kuchapa nitakavyo, lakini bila hati ya kunilinda dhidi ya wanaoiga. Na ukurasa wa mbele uandikwe tu, warithi wa Gallus Rotacker. Jina la mwanamke lisiwekwe pale.

Nilikubali. Nilitia saini. Na hati ya uamuzi wao niliisoma kwa makini, kama ninavyosoma kila kitu. Juu ya ukurasa wa mwisho hawakusema neno.

Jodok, mtu aliyeondoa jina lake kwenye kitabu kile alikuwa amekiacha bila mlezi. Nani atajibu kama kuna kosa? Warithi? Ni akina nani hao? Wewe uko Riga, Mama hasomi. Msomaji akiwa Krakow au Paris akakuta herufi inayomtatiza, anapaswa kujua amwandikie nani. Hivyo nikapanga mwenyewe, kwa mkono wangu, herufi ndogo kabisa tulizo nazo: maandishi ya kitabu hiki yamelinganishwa na miswada miwili na kusahihishwa na Küngolt, binti wa Gallus. Akitokea mtu wa kuonyesha kosa, atamkuta Basel.

Lienhart akaja akatazama juu ya bega langu. Akasoma kinyumenyume, kama wanavyosoma wao.

"Ndogo mno hizi, mwanangu," akasema. "Asiyetaka kuonekana haandiki kabisa."

Akazimwaga zote, akapanga upya kwa herufi kubwa, zile za vichwa vya sura.

Tulipeleka Frankfurt nakala mia nne. Wapo walioufungua ukurasa wa mwisho wakakirudisha kitabu mezani kana kwamba kimewachoma. Mmoja aliniuliza kama mume wangu anajua. Lakini tabibu mmoja mzee wa Nuremberg alisimama kwenye meza yetu nusu saa nzima, akaisoma sura ya mizizi yote, akachukua nakala sita bila kuniuliza kitu. Alipoondoka akasema tu, "Herufi zako zinasomeka."

Sasa sikiliza jambo ambalo muuza vitabu wako hakukwambia. Huko Lyon kuna mtu amekwisha kuiga kitabu chetu. Amekichapa haraka, kwa karatasi mbovu, herufi zetu zimeigwa kwa ukaribu hadi Lienhart alitukana. Akaupamba ukurasa wa mbele kwa jina la Daktari Rümlin na utangulizi wake wote. Na ndani, kwenye mzizi wa chafya, ni nne. Kitabu hicho ni rahisi kuliko chetu na kinakwenda kwa kasi. Daktari anajua. Nilikutana naye sokoni wiki iliyopita, akageuza uso. Nikamsalimu kwa sauti, kwa Kigiriki, mbele ya wauza kabichi.

Ndiyo maana nakwambia siombi radhi. Nikimwandikia leo, kesho barua yangu itachapwa Lyon, na nne itakuwa kweli kila mahali. Badala yake nimechapa karatasi moja moja yenye sura ile tu, miswada yote miwili bega kwa bega, jina langu chini. Tunaitia bure katika kila robota linalotoka hapa, liwe la nyimbo au la sheria. Ruprecht anasema tutawaudhi wanasheria. Waudhike.

Unasema Baba angeona haya. Kaka, wewe ulimfahamu akiwa na macho. Mimi nilimfahamu alipokuwa haoni, alipokuwa anashika karatasi na kuniuliza, "Una hakika?" na nikisema ndiyo, anasema, "Basi chapa." Hakuwahi kuniuliza mara ya pili.

Mama alitaka kujua jina langu liko wapi. Nikakipeleka kidole chake pale. Akaniuliza kama lake linaweza kukaa karibu siku nyingine. Nimemwambia tutaona.

Barua hii inakuja na nakala moja ya kitabu. Ni ya kwako. Ukiona jina langu linakutia haya mbele ya walimu wenzako, kisu unacho, kata ukurasa wa mwisho, sitakununia. Lakini ule wa mia mbili na kumi na moja, wenye mzizi wa chafya, usiuguse. Riga nako kuna wagonjwa.

Msalimie sana wifi Gertrud, umwambie nimemfumia soksi za sufu, zimo kati ya kitabu na kitambaa kilichokifunga. Wabusu mapacha, Hans-Kaspar na Elsbeth. Mama anakubariki kwa mikono miwili. Lienhart anakusalimu na anakuuliza kama bado unaogopa bata. Mungu akulinde na barafu, akulainishie kifua, na akuongezee siku za kutosha za kunigombeza.

Wako akupendaye na asiyeshawishika,

Küngolt Rotacker,
mchapaji